Kadi Inayosema Bila Kuulizwa

Mimi nimeshika vidole vya watu wa Kalemie kuliko mganga yeyote wa mji huu. Vya wavuvi, vya masista, vya mapolisi, vya wamama wa sokoni, hata vya bwana harusi mmoja aliyekuja mbio asubuhi ya ndoa yake kwa sababu hakuwa na kitambulisho na shahidi wake alikuwa amemwambia kwamba bila hicho mke ataolewa na mwingine. Ndiyo maana wananiita Mama Vidole, nami naitika. Kazi yangu ilikuwa kwenye biro ya kuandikisha raia, tangu enzi ya wino na karatasi ngumu mpaka enzi ya mashini inayosoma kidole kwa taa ya kijani. Sasa nimestaafu. Nakaa mtaa wa Kataki, nina kuku wachache na magoti mawili yanayonisumbua, na kama lisingetokea jambo mlangoni kwangu, nisingewachosha ninyi vijana na habari za biro.

Lakini nimeshituka, na bado sijatulia. Nalisema waziwazi, maana sisi wazee tunapenda kujifanya tumeona yote. Mimi nilidhani najua kadi ni kitu gani, kumbe sikujua. Basi ninyi mnaokwenda kuchukua hii kadi mpya ya elektroniki, na zaidi ninyi mnaokaa upande wa pili wa meza mkiitengeneza, nipeni sikio kidogo. Nitawaambia kwanza nilivyofundishwa, halafu nitawaambia kilichonishitua.

Kidole hakisukumwi. Hilo ndilo la kwanza. Wageni wa kazi wanakamata kidole cha mtu kama wanabonyeza kengele, na mtu akibonyezwa anakaza mkono, na mkono ukikazwa alama zinavurugika zote. Mwambie mtu aangalie mlango. Shika kifundo cha mkono wake, ngoja bega lishuke, ndipo ukilete kidole polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Wakati wa mvua wino unakuwa majimaji, paka kidogo. Kiangazi vumbi linaingia hadi ndani ya makabati, futa kioo kwa kila mtu. Na picha, msimkalishe mtu asubuhi akitazama ziwa. Mwanga wa maji unamkunja uso, halafu anakaa na kadi miaka mingi akionekana kama anayekata vitunguu.

Wamama wanaotia samaki chumvi, alama zao zimeliwa. Msiwafukuze, maana nimeona vijana wakiwaambia warudi wiki ijayo, kana kwamba wiki ijayo chumvi itakuwa imeacha kazi yake. Waosheni mikono kwa maji ya uvuguvugu, wapakeni mawese kidogo, sugueni, futeni kwa kitambaa kikavu, halafu mpige nao hadithi mpaka ngozi itulie.

Mzee mmoja mvuvi alinijia mashini zilipokuwa bado mpya. Kamba za nyavu zilikuwa zimemsugua vidole vikawa laini kabisa. Mashini ikakataa kimoja, ikakataa cha pili, ikakataa mkono mzima. Mzee akainama kutazama kioo.

"Mashini inasema miye sina vidole?"

"Njo inasema hivyo, Papa."

"Lakini siku ya kulipa kodi ya mutumbwi, munavionaka."

Watu kwenye mstari walicheka mpaka mlinzi akaingia kutazama kuna nini. Nikaichukua mikono ya yule mzee, nikaipaka mawese, nikamwuliza habari za samaki wa mukeke, kama siku hizi wanapatikana karibu au mbali, na alipokuwa katikati ya jibu mashini ikakubali kidole gumba. Aliondoka akikitazama kile kidole kwa heshima mpya.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kisimba, mkuu wa biro yetu wakati huo. Alikuwa mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa hadi shingoni hata siku za joto kali, na alikunywa chai bila sukari, akisema sukari inaleta usemaji. Alikuwa na redio kuukuu juu ya rafu. Miezi ya kwanza nilidhani mzee anapenda muziki. Halafu nikaona kwamba anaipandisha sauti nyakati fulani tu. Akifika kwenye jina la mama, jina la baba, umeolewa au hujaolewa, una watoto wa nani, redio inapanda, yeye anainama, na mtu anasemea sikioni mwake. Kisha redio inashuka, anauliza urefu wa mtu kwa sauti ya kawaida. Benchi la wanaosubiri alikuwa ameliweka ukutani mbali, na kiti cha mwenye zamu kiliwapa mgongo.

Siku moja betri za redio zikaisha. Papa Kisimba akaweka kalamu chini, akatuma mtu sokoni kutafuta betri. Mstari ulikuwa umefika barabarani, jua linawaka, watu wananung'unika. Nikamwendea.

"Papa, hawa watu watatuchapa."

"Wacha watuchape. Muntu amekuya kunipa miye jina ya mama yake. Hakukuya kuipa mustari."

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi huenda hamjali, lakini kwetu mtu mzima haitwi jina lake ovyo. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, au kwa kazi yake. Unaweza kukaa jirani na mama miaka na miaka bila kujua alivyoitwa na wazazi wake, na hakuna anayeona ajabu. Na jina la mama wa mtu halitembezwi kabisa. Anayelitaja jina la mama yako katikati ya soko anatafuta ugomvi, na ataupata. Kwa hiyo karani alibeba vitu vizito, na Papa Kisimba alitaka tujue kwamba tumevibeba.

Kisa kingine chake. Saa tatu ya asubuhi, mlango uko wazi, muhuri uko mkononi, chai inatoa mvuke, akaingia mfanyabiashara mmoja mwenye kofia pana. Alimtafuta fundi cherehani aliyemchukua binti yake bila kusema hodi kwa wazazi. Alitaka kujua yule fundi anakaa kartie gani. Papa Kisimba akamwomba kitambulisho chake mwenyewe kwanza. Yule bwana akakitoa kwa mbwembwe, Papa Kisimba akakisoma chote taratibu, akamrudishia.

"Asanti. Sasa, biro imefungwa."

"Imefungwa namna gani, na miye niko ndani?"

"Njo maana nakuomba utoke, nisikufungie."

Alipokwenda, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kabati kwa kicheko. Papa Kisimba hakucheka. Aliniambia kwamba anayeuliza habari za mwingine aanze kwa kutoa zake, ili tukisikia kesho yule fundi amepigwa, tujue pa kuanzia. Mtu mwenye nia njema, akasema, haoni shida kujionyesha. Na hata akijionyesha, hapewi. Habari za mtu ni za mtu, sisi tunamtunzia tu. Nilichukua maneno hayo kama mambo ya mzee mkaidi. Miaka ilikwenda, na maneno "biro imefungwa" yakawa mzaha wetu wa kazini. Mtu akikuomba chumvi yako wakati wa chakula, unamwambia biro imefungwa.

Msifikiri nilikuwa adui wa mashini. Maji ya ziwa yalipopanda yaliingia makabatini mwetu, na nilianika karatasi za watu juani kama mihogo, nyingine hazikusomeka tena. Mashini ilipokuja niliishangilia. Mtu akipoteza kadi unampata kwa kidole chake tu, na hapo hakuna ubishi. Ugomvi wangu na wakubwa ulikuwa mmoja, kwamba nilizungusha kioo cha mashini, kile kinachoonyesha majina, kitazame ukuta, nao wakaja wakakirudisha kitazame watu, mimi nikakizungusha tena, hivyohivyo mpaka nikastaafu.

Kadi mpya ilikuja mimi nikiwa nyumbani tayari. Ngumu, inang'aa, picha safi, na nyuma ina kile kisanduku cha madoa meusi. Nilipopata yangu nilifurahi kama mtoto wa shule. Niliionyesha hata kwa jirani asiyenipenda.

Sasa nije kwa Riziki.

Alikuja kwangu msimu mmoja wa mvua, ana mfuko mmoja tu, akiulizia chumba cha nyuma. Nikampa mkono wa salamu, na palepale nikajua. Ukishika vidole muda wote huo unajifunza kusoma. Kidole kilichovunjwa na jiwe au na injini ya boti kinapinda popote. Vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepindishwa kwenda nyuma, vyote pamoja, kwa mkupuo mmoja, halafu vikaunga bila daktari. Hilo halifanywi na jiwe. Sikumwuliza kitu. Nilimwonyesha chumba na mahali pa kuchotea maji.

Baada ya wiki kadhaa, tukichambua mboga, akasema mwenyewe.

"Mama, kule Moba niko na bwana. Siku nilimuambia nataka kurudia kwetu, njo alivunja hivi vidole. Akasema nikitoka atanipata tu, na siku ile haitakuwa vidole."

"Anajua uko Kalemie?"

"Anajua nilipanda boti. Nilishukia wapi, hajue."

Hilo ndilo lililokuwa linamlinda, kwamba yule mtu hajui. Hakuwa na askari, hakuwa na kaka wa kumpigania. Alianza kutia samaki chumvi na kuanika ndagala, wale dagaa wetu, kule mchangani, na kwa sababu kwetu hakuna anayekuuliza jina, wakamwita Mama Chumvi, basi. Alijificha bila kusema uongo hata mara moja. Baada ya muda nilianza kumsikia akicheka na wenzake, na alinenepa kidogo.

Halafu wakaanza kudai kadi mpya kwa kila jambo. Ukitaka laini ya simu, kadi. Ukitaka kupokea mzigo bandarini, kadi. Riziki akaamua kwenda kuandikishwa. Asubuhi ile nilimkalisha barazani, nikamwosha mikono kwa maji ya uvuguvugu, nikampaka mawese, hasa vile viwili vilivyopinda, nikamfundisha kutazama mlango. Mashini ilimkubali mara ya kwanza. Alirudi ameificha kadi ndani ya kitenge, akanionyesha kwa mikono miwili.

"Mama, sasa miye pia niko muntu."

Nikamkumbatia. Alikuwa amejibu yote kwa ukweli, jina lake, jina la mama yake, Moba alikozaliwa, ndoa yake, namba ya simu, na avenyu na namba ya nyumba yangu. Mtu mwaminifu hujibu hivyo mbele ya serikali, na mimi katika kazi yangu yote nilitaka watu wajibu hivyo.

Hapa lazima niwakumbushe desturi yetu moja, ingawa mnaifanya kila siku. Hapa Kalemie kadi ndiyo gaji. Ukiazima baiskeli, unaacha kadi. Ukichukua kreti za chupa tupu, unaacha kadi. Ukikodi nyavu za kuanikia au beseni kubwa za samaki, mwenye depo anaiweka kadi yako kwenye kopo, na siku ukirudisha vitu anakurudishia. Tumefanya hivyo tangu kadi zikiwa karatasi. Haikuwa na ubaya. Karatasi ililala koponi, haikusema na mtu.

Depo wanayoipenda wamama wa mchangani ni ya Alimasi. Huyu ni kijana wa watu wema, ukoo wa Waislamu waliofanya biashara ya ziwani tangu babu wa babu zao, wakivuka hadi Kigoma na kurudi. Ana adabu, anaamka kumpa mama kiti. Siku moja nilikwenda kukodi wavu nianike mihogo. Nikampa kadi yangu. Aliipindua, akaielekezea simu, simu ikalia kidogo, naye akaanza kusoma kwa sauti, akitabasamu, mbele ya wamama waliojaa pale. Jina langu lote. Mwaka niliozaliwa. Mjane. Avenyu, namba ya nyumba. Binti wa fulani na fulani.

Nilisikia jina la mama yangu. Mama yangu amelala kaburini kitambo, na kuna watoto wangu wa kuzaa ambao hawajawahi kulitamka, na sasa linatoka mdomoni mwa kijana anayekodisha beseni, kati ya harufu ya samaki na vicheko. Mama mmoja akasema, "Kumbe Mama Vidole njo mukubwa hivyo," wakacheka, na mimi nikacheka kwa mdomo tu. Ndani nilikuwa kama nimemwagiwa maji.

"Alimasi, hiyo mashini ulipewa na nani?"

"Si mashini, Mama. Ni telefone. Telefone yoyote inasoma."

"Yoyote?"

"Yoyote. Na ni vizuri sana. Beseni zinapotea kwenye boti, sasa wenye depo tumefanya grupu. Kila muntu akiacha kadi, tunaisoma, tunaituma kwa wenzetu, ili hata akikimbia na vitu, anajulikana. Kalemie mupaka Moba."

Aliposema Moba nilisimama. Nikamwuliza kama kadi ya Mama Chumvi nayo imo.

"Imo, niliituma juzi. Jina yake njo Riziki, sikukuwa najua."

Nilikaa juu ya beseni iliyopinduliwa, watu wakidhani ni jua. Wanangu, nilifanya kazi ya kutunza majina ya watu hawa mpaka nywele zikawa nyeupe, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja jina litatoka lenyewe na kupanda boti. Nilimvuta Alimasi pembeni, nikamweleza kwa maneno machache yule mwanamke anamkimbia nani. Rangi yake ilibadilika. Alifungua simu, akabonyeza.

"Nimefuta, Mama."

"Umefuta yako. Na kule kwa wale wengine?"

Aliitazama simu, akanitazama mimi. Wino tulikuwa tunautoa kwa petroli na kitambaa. Hii sikujua inatolewa kwa nini, na hata yeye hakujua.

Nikaenda mchangani na magoti yangu hayo. Riziki alikuwa anageuza ndagala kwenye nyavu. Nilimwambia yote palepale. Hakulia. Aliendelea kugeuza samaki mpaka mwisho wa wavu, taratibu, kama mtu anayemaliza sentensi, halafu akajifuta mikono.

"Mama, shemeji yangu njo mwenye depo kule Moba. Kama kuna ile grupu, eko ndani." Kisha akasema, "Boti ya Moba inafika kesho."

Alasiri hiyohiyo nilimpeleka kwa watu ninaowaamini. Hakuchukua vitu vyake, aliondoka na nguo za mwilini na kadi yake, ambayo Alimasi alimrudishia bila kudai nyavu. Simu aliiacha chumbani makusudi, kwa sababu namba yake nayo ilikuwa kwenye kadi.

Kesho yake, saa tatu ya asubuhi, nikasikia hodi. Mwanamume msafi, viatu vimepakwa rangi, amebeba kifuko cha maharagwe ya Marungu, milima ya kule Moba, kama mkwe anayekuja kusalimia. Alinisalimia kwa heshima zote. Akanyoosha simu nione. Uso wa Riziki ulikuwa pale, ile picha aliyopiga siku niliyompaka mawese, na chini yake avenyu yangu na namba ya mlango wangu.

"Mama, hapa njo namba hii? Natafuta bibi yangu. Nimemuletea maharagi."

Sauti yake ilikuwa tamu. Nilitazama mikono yake, ni mazoea, siwezi kuacha. Vidole virefu, kucha zimekatwa vizuri. Vyote kumi vilikuwa vizima.

Niliogopa. Nawaambia kweli, niliogopa kuliko siku zote za vita. Nyumbani sikuwa na mtu. Na katika woga ule mdomo wangu ukasema jambo ambalo haukulisema kwa miaka.

"Nionyeshe kwanza kadi yako, Papa."

"Yangu?"

"Anayeuliza habari za mwingine anaanza na zake. Njo tulivyofundishwa."

Mkono wake mmoja ukapanda hadi kwenye mfuko wa shati, ukaufunika. Alikunja uso, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeombwa jambo la aibu.

"Hapana, Mama. Kadi yangu ni yangu. Siwezi kutembeza mambo yangu kwa kila muntu."

Na katika mkono wa pili mambo ya mke wake yalikuwa yanawaka. Jina la mama mkwe wake, nyumba anayolala, namba anayopigiwa. Nilimtafuta usoni nione kama anatania, au kama ameona alichosema. Hakuwa ameona kitu. Alisema kwa moyo wake wote, kama mtu yeyote mwenye haki yake. Hapo ndipo nilishituka zaidi kuliko siku ya depo, na mpaka leo nikikumbuka ninaweka chini nilichoshika.

"Basi," nikamwambia, "biro imefungwa."

"Biro gani? Hapa si nyumba?"

"Imefungwa."

Nikafunga mlango, nikaweka komeo, nikauegemea. Halafu simu ikalia chumba cha nyuma, kile chumba cha Riziki. Alikuwa ameipiga ile namba, amesimama palepale mlangoni. Ililia mpaka ikakatika. Nikamsikia akicheka polepole nje.

"Kumbe eko ndani. Nitangoya."

Alingoja kweli. Alivuka barabara, akakaa kwenye jiwe, kifuko cha maharagwe miguuni. Jua likapanda. Nilichungulia dirishani nikawaona wamama wa mchangani wakija, mmoja mmoja, kila mmoja na kazi yake mkononi, huyu anasuka ungo, yule ananyonyesha, wakakaa mbele ya mlango wangu bila kuniuliza. Alimasi ndiye aliyewaambia. Yeye mwenyewe alikuja mwisho, akavuka barabara, akamsalimia yule mtu, akamwomba kadi. Kwa adabu, kama anavyoomba deponi. Kisha mama mmoja naye akasimama akamwomba kadi. Kisha mwingine. Mkono wake haukutoka kwenye mfuko wa shati. Kabla ya alasiri aliondoka, maharagwe akayaacha pale kwenye jiwe. Hakuna aliyeyagusa.

Lakini hakurudi Moba. Alionekana bandarini, alionekana sokoni, simu mkononi, anamwonyesha kila mtu ule uso. Basi Riziki hakuweza kurudi. Kazi aliyoijenga, wateja wake, samaki waliobaki kwenye nyavu, vyote akaviacha. Alimasi aliwauza wale samaki akanipa mimi pesa nimfikishie, na siku hizi deponi kwake hachukui kadi ya mtu. Anachukua kiatu kimoja. Anasema muntu hawezi kukimbia mbali na kiatu kimoja. Ukienda pale utaona viatu vimepangwa kama mbele ya msikiti, ila vyote havina wenzao. Grupu imevunjwa, hivyo ndivyo anavyosema, na mimi namwamini yeye. Siwaamini waliokuwa wamekwisha kuhifadhi.

Siku ya kuagana Riziki alinipa kadi yake. Nikakataa, nikamwambia bila kadi atasumbuliwa kila mahali, kila kizuizi, kila laini ya simu. Akaisukuma kwenye kiganja changu kwa ule mkono wa kushoto.

"Ibakie kwako, Mama. Miye nikienda nayo, naye anakwenda na miye."

Sasa ninyi mnaokaa kwenye zile meza, sijui kama mnaweza kubadilisha madoa yale meusi. Nasikia kuna kadi za nchi nyingine ambazo simu ya kila mtu haiwezi kuzisoma, hazifunguki ila kwa mwenye kazi na sababu. Ulizeni kwa nini yetu haiko hivyo, na msikubali kujibiwa kwamba wananchi hawajali. Na kabla hamjajibiwa, zungusheni kioo kitazame ukuta. Pandisheni redio. Ninyi wengine, kadi msiiache gaji, acheni kiatu, na mkilazimika kuionyesha, nyuma funikeni kwa kidole gumba. Mtu anayetamka jina la mama yenu aone kwanza haya kidogo.

Kadi ya Riziki iko hapa kwangu, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Wakati mwingine naifungua kuitazama. Kwenye picha anatazama mlango, kama nilivyomfundisha, na bega lake limeshuka.

Tangu habari hii isambae wanakuja watu kunisalimia, wengine wema, wengine siwajui, wanakaa, wanakunywa maji, halafu wanauliza kwa upole, huyo binti sasa eko wapi. Nawaambia ninyi pia, msije mkajisumbua. Mlango wangu uko wazi, ni saa tatu ya asubuhi, chai inatoa mvuke. Biro imefungwa.